Lino Brocka (1939–1991): Ufukara, Ushoga na Ukaguzi katika Sinema ya Ufilipino

Catalino Ortiz Brocka, ambaye ulimwengu wa sinema ulimfahamu kwa jina fupi la Lino, alizaliwa tarehe 3 Aprili 1939 katika mji mdogo wa Pilar, mkoani Sorsogon, kwenye ncha ya kusini ya kisiwa cha Luzon. Baba yake alifariki Lino akiwa bado mtoto mdogo. Mama yake, aliyekuwa mwalimu wa shule, aliwachukua watoto wake na kuhamia San Jose, katika mkoa wa Nueva Ecija, wakaishi kwa jamaa wa upande wake. Hivyo mtoto huyo alihama kutoka eneo la wasemaji wa Kibikol hadi eneo la wasemaji wa Kitagalogi, na tangu utotoni alijua maana ya kula chakula cha nyumba isiyo yake. Mambo haya mawili, yaani lugha ya ugenini na makazi ya hisani, yalimfuata katika takriban kila filamu ya maana aliyoiongoza baadaye.

Alifika Chuo Kikuu cha Ufilipino kilichoko Diliman akiwa na nia ya kujiandaa kusoma sheria, lakini akahamia fasihi ya Kiingereza. Huko alitaka kujiunga na kikundi cha drama cha chuo. Matamshi yake yalimtia kasoro. Kiingereza cha jukwaani kilikuwa wakati huo mali ya watoto wa matajiri wa Manila waliosoma katika shule za mapadri na masista, na kijana mwenye lafudhi ya shamba hakuonekana kufaa kusema maneno ya Shakespeare mbele ya watu. Alipewa kazi za nyuma ya pazia. Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kama kichekesho cha ujana, lakini uzito wake ni mkubwa kuliko hivyo. Mtu aliyekataliwa jukwaani kwa sababu ya namna anavyotamka ndiye aliyekuja kuijaza sinema ya nchi yake Kitagalogi cha vibarua, wachukuzi, wafua nguo na makahaba, lugha ambayo hata watayarishaji wengi wa filamu waliona haistahili kusikika katika ukumbi wenye viti vya foronya.

Kabla ya kufika huko alipitia njia ambayo wanaoandika maisha yake huona vigumu kuilinganisha na yaliyofuata. Aliingia katika madhehebu ya Mormoni na akapelekwa Hawaii kuwa mmisionari. Sehemu ya utumishi wake aliifanya Kalaupapa, kwenye kisiwa cha Molokai, mahali walipotengwa wagonjwa wa ukoma. Baadaye aliuacha umisionari, akaishi kwa muda San Francisco akifanya kazi za chini ili apate riziki, kisha akarejea Manila mnamo miaka ya 1960. Alijiunga na PETA, chama cha tamthilia ya kielimu kilichoanzishwa mwaka 1967 na Cecile Guidote, ambacho kilikuwa na jukwaa lake la wazi katika magofu ya ngome ya Santiago. Baada ya Guidote kwenda uhamishoni, Brocka alishika uongozi wa chama hicho. Waigizaji na watunzi aliowakuta PETA, au aliowaingiza yeye, ndio waliokuja kuwa uti wa mgongo wa filamu zake.

Filamu yake ya kwanza, Wanted: Perfect Mother, ilitoka mwaka 1970. Ilikuwa ya kupendeza, ya watoto na nyimbo, na ilipata watazamaji. Muda si mrefu baadaye aliongoza Tubog sa Ginto, iliyotokana na hadithi ya vibonzo ya Mars Ravelo. Jina lake lina maana ya kitu kilichopakwa dhahabu nje huku ndani kikiwa madini duni. Kisa chake ni cha Don Benito, tajiri mwenye mke na mtoto wa kiume, ambaye kwa siri anapenda wanaume, na dereva wake anamtumia siri hiyo kumkamua. Eddie Garcia, mwigizaji aliyezoeleka kama mtu mbaya wa sinema, aliigiza Don Benito kwa heshima kubwa, akapata tuzo ya FAMAS ya mwigizaji bora.

Hapa inafaa kueleza neno moja. Kitagalogi kina neno bakla, ambalo halilingani sawasawa na msamiati wa Kimagharibi kuhusu ushoga. Bakla ni mwanamume mwenye hulka, mavazi au kazi zinazohesabiwa kuwa za kike: msusi, mshonaji, mchekeshaji. Anajulikana mtaani, anachekwa, anavumiliwa, na mara nyingine anategemewa kuwalisha ndugu zake. Neno hili hutaja nafasi katika jamii kabla ya kutaja tendo la chumbani. Msemaji wa Kiswahili anayejua safari ya neno shoga, kutoka usuhuba wa wanawake wa pwani hadi matumizi yake ya sasa, hatashangaa kwamba maneno ya aina hii hubeba historia nzima ya mitaa. Don Benito si bakla kwa maana hiyo. Ni baba wa nyumba, mwenye sauti nzito na suti. Kabla ya Brocka, sinema ya Ufilipino ilimjua bakla wa kuchekesha tu, na mchekeshaji mashuhuri Dolphy alikuwa amejipatia umaarufu mkubwa kwa kumwigiza. Tubog sa Ginto ilimwonyesha mtazamaji mwanamume ambaye hakuweza kumcheka, na hatari iliyomkabili haikutokana na dhambi yake peke yake bali na fedha: tajiri alikuwa na cha kuficha, maskini alikuwa na cha kuuza.

Tarehe 21 Septemba 1972 ndiyo iliyoandikwa kwenye tangazo la Rais Ferdinand Marcos la kuiweka nchi chini ya sheria ya kijeshi. Kuanzia hapo wakaguzi walitaka kuona mswada kabla ya filamu kupigwa, kisha filamu yenyewe kabla ya kuonyeshwa. Brocka alikuwa ameshachoshwa na studio kubwa, na mwaka 1974 yeye na wenzake waliunda kampuni yao, CineManila. Zao lake la kwanza lilikuwa Tinimbang Ka Ngunit Kulang, ambalo jina lake linatokana na maandishi ya ukutani katika kitabu cha Danieli: umepimwa, ukaonekana umepunguka. Katika mji mdogo wa mkoani, kijana wa familia yenye jina anajenga urafiki na watu wawili ambao mji umewatupa, mwanamke mwenye kichaa na mwanamume mwenye ukoma. Aliyoyaona Kalaupapa yanaonekana humo waziwazi. Filamu hiyo ilipata fedha na tuzo, jambo ambalo ni nadra kwa filamu isiyo na mapigano wala nyimbo. Kampuni yenyewe haikudumu. Filamu zilizofuata hazikurudisha gharama.

Mwaka 1975 ilitoka Maynila, sa mga Kuko ng Liwanag, ambayo wengi huihesabu kuwa filamu kuu ya Ufilipino ya karne iliyopita. Mtayarishaji wake alikuwa Mike de Leon, ambaye ndiye aliyeshika kamera pia, na mswada uliandikwa na Clodualdo del Mundo Mdogo kutokana na riwaya ya Edgardo M. Reyes iliyochapishwa kwa mfululizo katika jarida la Liwayway. Julio Madiaga, mvuvi kijana, anakuja mjini kumtafuta mpenzi wake Ligaya Paraiso, aliyechukuliwa kijijini na mwanamke aliyeahidi kumpatia kazi na masomo. Majina hayakuwekwa kwa bahati. Ligaya ni furaha, Paraiso ni pepo, na Madiaga linarudisha mwangwi wa neno la Kitagalogi lenye maana ya uvumilivu. Nyumba ambamo Julio anaamini Ligaya amefungiwa iko kwenye barabara iliyoitwa Misericordia, yaani huruma.

Sehemu bora ya filamu hiyo ni ile ya kazi ya ujenzi. Julio anaingia kwenye mjengo akiwa hajala, anaanguka kwa njaa, anapewa maji na wenzake, na jioni anarudi kubeba zege. Kiwango cha mshahara kilichoandikwa kwenye daftari si kile anacholipwa mkononi. Tofauti inaliwa juu. Siku ya malipo inapochelewa, nyapara husema fedha hazijafika, lakini yeye yuko tayari kuwapa zake iwapo watakubali kukatwa. Vibarua wanaiita desturi hiyo Taiwan, wakijua kabisa kwamba wanaibiwa. Brocka haharakishi. Kamera inakaa kwenye ndoo, kwenye koleo, kwenye sahani ya wali, na mtazamaji anaelewa uchumi wa mji bila kuhutubiwa.

Kisha Julio anaachishwa kazi. Anapolala bustanini anakutana na Bobby, kijana anayeuza mwili wake kwa wanaume, ambaye anamkaribisha kwenye nyumba ya biashara hiyo. Julio anajaribu, anashindwa, anaondoka. Sehemu hii haimo katika riwaya ya Reyes, na imezua ubishi tangu siku ilipoonyeshwa. Wapo wahakiki wanaodai kwamba imebandikwa tu ili kuvuta watazamaji, na wapo wanaodai, kwa uzito zaidi, kwamba inaufanya ushoga uonekane kuwa moja ya maovu ya jiji yanayomchafua mtoto safi wa kijijini. Shutuma hiyo ya pili haiwezi kupuuzwa. Wateja wa nyumba ile hawana sura, na mtazamaji hapewi nafasi ya kuwajua kama alivyopewa nafasi ya kumjua Don Benito. Hata hivyo, ukiiweka sehemu hii kando ya ile ya ujenzi, muundo wake ni ule ule: kijana anaingia bila kitu, anafundishwa kazi na mwenzake aliyetangulia, na mwenye nyumba anakata chake kabla ya mfanyakazi kupata chake. Mwili unaobeba zege na mwili unaolala na mteja ni mwili mmoja, unaouzwa kwa vibarua viwili tofauti. Brocka mwenyewe alikuwa shoga, na hilo halikuwa siri kwa waliofanya naye kazi. Alilizungumza hadharani mbele ya kamera katika filamu ya maisha yake iliyotengenezwa na Christian Blackwood mwaka 1987. Inaelekea basi kwamba hakuwa akiishutumu hulka ya Bobby. Alikuwa akiuliza nani anayeweza kumudu kuwa na hulka na nani analazimika kuifanya bidhaa. Kosa kubwa zaidi la filamu hii liko kwingine: Ah-Tek, Mchina anayemfungia Ligaya, amechorwa kwa rangi moja tu, na chuki ya mji mzima inamwangukia yeye wakati wenye mji hawaonekani.

Mwaka mmoja baadaye serikali ya Marcos ilikuwa mwenyeji wa mkutano wa Shirika la Fedha la Kimataifa na Benki ya Dunia. Kabla ya wageni kufika Oktoba 1976, mabanda ya maskini yalibomolewa ili jiji lipendeze. Desemba ya mwaka huo huo, Brocka alionyesha Insiang, iliyopigwa ndani ya Tondo, katika vichochoro hasa ambavyo Imelda Marcos, aliyekuwa gavana wa eneo la Manila, hakutaka vionekane. Filamu inaanza machinjioni, nguruwe wakichomwa visu. Insiang ni msichana mfua nguo anayebakwa na mwanamume wa mama yake. Mama hamsadiki, na msichana anageuka mwalimu wa kisasi. Waigizaji wawili, Hilda Koronel na Mona Lisa, wameibeba. Mfaransa Pierre Rissient aliiona na kuipeleka Cannes, ambako mwaka 1978 iliingia katika kitengo cha Wiki Mbili za Waongozaji. Ilikuwa filamu ya kwanza ya Ufilipino kuonyeshwa katika tamasha hilo.

Mwaka huo wa 1978 aliongoza pia filamu ambayo wasomi wa nje huiruka, Ang Tatay Kong Nanay, yaani baba yangu aliye mama yangu. Dolphy yule yule wa vichekesho anaigiza Coring, bakla msusi anayeachiwa mtoto wa kiume na mpenzi wake wa zamani. Coring anabadili mavazi na mwendo ili mtoto asidhihakiwe, anafanya kazi, anaosha, anapika, hadi mama mzazi mwenye fedha anapojitokeza kumdai. Ni filamu ya kuliza watu, na haikuona haya kuwa hivyo. Lakini palipokuwa na kiroja, Brocka aliweka mzazi, na alifanya hivyo kwa kutumia uso ambao taifa zima lilikuwa limezoea kuucheka. Ukitafuta jibu lake kwa shutuma za Maynila, ni afadhali ulitafute hapa kuliko katika mahojiano yoyote.

Jaguar, ya mwaka 1979, iliingia mwaka uliofuata katika mashindano rasmi ya Cannes, filamu ya kwanza ya nchi hiyo kufika hapo. Jina lake lina utamu kwa mwanaisimu. Vijana wa Manila walilichukua neno guwardiya, lililotoka katika Kihispania, wakazigeuza silabi zake, nalo likawa jaguar. Ni mchezo ule ule unaojulikana pwani ya Afrika Mashariki kwa jina la kinyume. Hivyo mlinzi wa mlangoni, anayelipwa kidogo kuliko wote, anabeba jina la mnyama mla nyama. Poldo, mlinzi huyo, anadhani bosi wake ni rafiki yake, anaua kwa ajili yake, na anaachwa peke yake gerezani.

Baada ya kuuawa kwa Benigno Aquino tarehe 21 Agosti 1983, Brocka alikuwa barabarani mara nyingi kama alivyokuwa studio. Alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa umoja wa wasanii uliopinga ukaguzi na udikteta. Bayan Ko: Kapit sa Patalim, kisa cha mfanyakazi wa kiwanda cha uchapaji ambaye mkewe na mtoto mchanga wanazuiliwa hospitalini kwa sababu ya deni, ilitolewa nchini kwa siri na kushindana Cannes mwaka 1984. Nyumbani wakaguzi walitaka ikatwe. Shauri lilifika Mahakama Kuu Kabisa, ambayo Julai 1985 iliona kwamba kigezo cha bodi kuhusu uchafu kilikuwa finyu na kwamba uhuru wa kujieleza ndio kanuni, ila hawakupatikana majaji wa kutosha kusema kwamba bodi ilivuka mipaka ya mamlaka yake. Ni ushindi wa hoja uliokosa hukumu.

Wakati shauri hilo likiendelea, yeye mwenyewe alikuwa ameshaonja kifungo. Tarehe 28 Januari 1985 alikamatwa pamoja na mwongozaji mwenzake Behn Cervantes katika maandamano ya kuunga mkono mgomo wa madereva wa jipni, yale magari ya abiria yanayofanya Manila kazi ya daladala. Mahakama ilitoa dhamana, lakini hawakuachiliwa. Ilitajwa amri ya kuwaweka kizuizini, kisha wakafunguliwa shitaka jipya la uchochezi. Waliachiliwa Februari. Mwaka huo huo alipewa Tuzo ya Ramon Magsaysay. Mahakama Kuu Kabisa ilizuia kuendelea kwa mashitaka ya uchochezi tarehe 10 Desemba 1990 tu, takriban miaka mitano baada ya Marcos kukimbia nchi.

Rais Corazon Aquino alimteua mwaka 1986 kuwa mmoja wa wajumbe 48 wa tume ya kuandika katiba mpya. Hakukaa, alijiuzulu Agosti, akiona kwamba tume imewapa mgongo maskini katika masuala ya uchumi. Alichokiacha ni neno. Katika ibara ya tatu, kifungu cha nne, katiba za awali zilitaja uhuru wa kusema na wa vyombo vya habari. Brocka alisisitiza kuongezwa uhuru wa kujieleza, na nyongeza hiyo ikapita, ikathibitishwa kwa kura ya wananchi Februari 1987. Kwa mtu wa picha, tofauti hiyo si ya mapambo. Kusema ni kwa ulimi. Sinema husema hata pale ambapo hakuna mhusika anayefungua mdomo.

Upesi sana uhuru huo ulijaribiwa na filamu zake mwenyewe. Macho Dancer, ya mwaka 1988, inamfuata Pol, kijana wa mji ulio jirani na kambi ya Wamarekani. Mmarekani aliyekuwa akimtunza anapoondoka, familia yake inabaki bila kipato, naye anakwenda Manila kucheza katika baa za wanaume. Anampata Noel, anayecheza huku akimtafuta dada yake aliyeuzwa danguroni. Polisi wamo ndani ya biashara. Wanavyocheza, wakiwa wamejipaka povu la sabuni, kumeoneshwa kirefu, pengine kirefu mno, na Brocka alilaumiwa kwa kuwapa watazamaji wa nje walichokuja kukitazama. Lakini mapenzi ya vijana hawa wawili, yasiyopewa jina na mmoja wao, ni ya upole usiopatikana Maynila. Toleo lisilokatwa lilionekana katika matamasha ya ng'ambo tu. Orapronobis, ya mwaka 1989, ililaumu makundi ya wanamgambo waliokuwa wakiua vijijini chini ya serikali ile ile ambayo yeye alisaidia kuiweka madarakani. Nayo haikupata ukumbi wa biashara nyumbani.

Alikufa Mei 1991 katika ajali ya gari huko Quezon City, akiwa na umri wa miaka 52 na filamu zaidi ya 60. Nyingi kati ya hizo zilikuwa za kulipia gharama za chache, na hakuwahi kulificha hilo. Mwaka 1997 alitangazwa kuwa Msanii wa Taifa. Mwandishi wa Macho Dancer, Ricky Lee, aliendelea na baa zile zile akiwa na mwongozaji Mel Chionglo katika Sibak mwaka 1994, na mwaka 2005, enzi ya kamera za dijitali, Auraeus Solito alitoa Ang Pagdadalaga ni Maximo Oliveros, kuhusu mtoto bakla wa mtaa wa maskini ambaye baba na kaka zake, wezi wadogo, wanampenda kama alivyo.

Maynila ilikarabatiwa mwaka 2013 kutokana na filamu halisi iliyokuwa imehifadhiwa na Mike de Leon katika hifadhi ya Taasisi ya Filamu ya Uingereza. Insiang ilifuata mwaka 2015. Tubog sa Ginto haikuwa na bahati hiyo. Wanaoitafuta huipata katika nakala hafifu za video, zenye sauti inayokwaruza, ambamo uso wa Don Benito hauonekani vizuri.